Kumpigia Pasi Stanley

Hivi umewahi kumvua shati mtu wa sentimita 30? Watu wanadhani ni kazi ya dakika mbili. Kaa hapo kwenye benchi nikwambie.

Kwanza shati halitoki. Kiganja cha jamaa ni kipana kuliko mkono wa shati. Inabidi umchomoe kiganja. Ndiyo, kiganja. Unakishika, unakizungusha taratibu, unavuta, tap, kinatoka na kijiti chake cha plastiki. Jamaa anabaki kigutu, anakutazama. Wala hakasiriki. Mimi nikibanwa kidole na mlango natukana mpaka mtaa wa pili, yeye katulia tu. Halafu kile kiganja ni kidogo, kwa macho ya kuku ni punje ya mahindi. Na meza yangu iko chini ya mwembe. Na chini ya mwembe kuna kuku wa jirani.

Unaona tunakoelekea.

Kuku akaona punje. Kuku akaondoka nayo mbio kuelekea kwa mama muuza mihogo, mimi nyuma yake na kaptula, watoto nyuma yangu, na mwenye kuku anapiga yowe kwamba nataka kumwibia kitoweo cha Ijumaa. Mtu mzima mimi. Na ndevu zangu. Nikamwambia, "Dada, kuku baki naye, mimi nataka kiganja tu." Hapo ndipo watu walipoanza kunitazama vizuri. Kiganja kilipatikana. Nisikueleze kilipatikana wapi wala asubuhi ya siku gani.

Mimi ni dobi, hilo unalijua. Nipo hapahapa Ujiji. Meza ya mbao, blanketi la zamani juu yake, shuka juu ya blanketi, pasi ya mkaa, bakuli la maji, jani la mgomba la kufutia pasi. Shati mia tano, suruali mia tano, kanzu tunaelewana. Maharusi nimewapigia pasi. Watu wa msiba nimewapigia pasi. Hakuna mteja aliyewahi kulalamika mbele yangu, wanalalamikia nyumbani kwao. Sasa mtu wa hadhi hiyo anaingiaje kwenye nguo za midoli?

Kwa njia ya mke. Kila jambo langu limeingia kwa njia hiyo.

Mke wangu ana dada yake. Dada huyu aliolewa na Mbembe, kijana wa Kongo, ng'ambo ya ziwa, katika wale waliovuka na maboti wakati wa vita ya 1996. Wakapelekwa Nyarugusu, kule Kasulu, kambi iliyofunguliwa mwaka huohuo. Wakazaa humo. Bahati ikawadondokea, wakachukuliwa kwenda Marekani, familia nzima. Sasa mtoto amekuwa jitu la futi sita, amerudi kusalimia. Kaja na treni mpaka mwisho wa reli. Ana adabu, ananiita baba mdogo, ananishika mkono kwa mikono miwili. Na alikuwa na sanduku ambalo hakumruhusu mtu yeyote kulibeba. Wapagazi pale stesheni walimzunguka, akalikumbatia.

Mke wangu akaninong'oneza, "Zawadi hizo." Nikaanza kuzipanga kichwani. Viatu. Simu. Jaketi la baridi, hata kama hapa hakuna baridi. Usiku sanduku likafunguliwa. Wanaume wadogo. Wamelala kwenye sponji, kila mmoja na shimo lake, nguo kamili, mikanda, buti, wengine na viganja vya akiba kwenye kimfuko. Mtu ana viganja vya akiba! Mimi soksi za akiba sina.

Nikamuuliza, "Mwanangu, hii midoli ni ya binti yako?" Akasema hana binti. Mke pia hana. Ni yake. Akanieleza kwa upole, upole ule wa kumweleza mgonjwa, kwamba hizi ni sanamu za kukusanya na watu wazima wanazikusanya dunia nzima. Mambo yalianza 1964, kampuni ya Hasbro ya Marekani ilipotoa askari anaitwa G.I. Joe, wa inchi 12, wa kuvalishwa na kuvuliwa. Wakakataa katakata asiitwe mdoli, wavulana wasije wakaona haya. Barbie alikuwa keshatoka tangu 1959, yeye hakuona haya. Wote wako kwenye kipimo kilekile, moja kwa sita ya binadamu. Yaani ukinigawanya mimi kwa sita unapata mmoja wao, ukiacha tumbo.

Nikauliza bei. Ningenyamaza ningelala vizuri. Wapo wa kampuni ya Hot Toys ya Hong Kong, mmoja anaweza kupita dola 250. Nikapiga hesabu kwa kidole kwenye vumbi. Laki sita na ushee. Kwa mtu asiyekula! Meza yangu, pasi, blanketi, mwembe na mimi mwenyewe tukiuzwa kwa mkupuo hatufiki, na mwembe si wangu.

Katikati ya wale wanajeshi kulikuwa na mwanamke mmoja. Shati la kaki, kaptula ya kaki, darubini shingoni, daftari, na sokwe pembeni. Huyo sikuhitaji kuambiwa. Huyo wa kwetu. Dokta Jane Goodall, aliyeshuka Gombe tarehe 14 Julai 1960 na mama yake mzazi, akiwa na miaka 26. Kampuni ya Mattel ilimtoa mwaka 2022 katika ukoo wa Barbie, wakamtengeneza kwa plastiki iliyotumika ikarudishwa kiwandani. Na sokwe wake ni David Greybeard yuleyule, mwenye ndevu za kijivu, aliyekuwa wa kwanza kumzoea, na ambaye Jane alimwona akichokoa mchwa kichuguuni kwa unyasi. Nyumba ikatulia kidogo. Mama huyu alifariki Oktoba 2025 akiwa na miaka 91, na hapa Kigoma hata mtoto anajua ukishuka Kibirizi unapanda boti gani kwenda kwake.

Mke wangu akamchukua, akamgeuza, akamtazama mgongo. Akasema, "Lakini shati lake limekunjamana. Na nyumba hii ina dobi."

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Mshahara haukutajwa.

Kumbe Jane alikuwa chambo. Kazi yenyewe ilikuwa nyingine. Kijana anataka atengeneze Stanley na Daktari Livingstone, wale wazungu waliokutana hapahapa Ujiji mwaka 1871, wawe wa inchi 12, awapeleke palepale kwenye kumbukumbu ya Livingstone, chini ya miembe, awapige picha wanavyokutana. Nikamwambia mbona wapo? Pale makumbusho kuna Livingstone na Stanley wa karatasi za kufinyanga, ukubwa wa watu, wanasalimiana miaka nenda miaka rudi. Majirani zangu wale. Tangu niweke meza hapa hawajawahi kuniletea hata kola. Akasema hapana, yeye anataka nguo za kitambaa, tena ziwe sawasawa na zilivyoandikwa.

Zimeandikwa, bwana. Stanley mwenyewe kaandika, kwenye kitabu chake cha 1872. Kijana akanisomea. Kabla ya kuingia Ujiji, mwaka ule wa 1871, alimwamuru Selim, kijana wake Mwarabu aliyekuwa mkalimani, atoe suti mpya ya flana, apake mafuta buti, apake chaki kofia, na aizungushie kilemba kipya. Ndipo akaingia mjini bunduki zinalia na bendera ya Marekani iko mbele. Na Livingstone anayemsubiri? Kofia ya bluu iliyochoka, yenye utepe wa dhahabu uliopauka. Kizibao chenye mikono myekundu. Suruali ya kijivu.

Sasa hapa naomba unisikilize. Selim. Mji huu una kila kitu cha Livingstone. Stanley anatajwa kila kona. Hata Susi, mtu wa Livingstone, aliyetoka mbio kumlaki mgeni, wanamkumbuka. Lakini Selim? Suti imo kwenye furushi la mpagazi tangu Machi, imetoka pwani, imepita mbuga na mito na mvua na watu wameikalia. Unajua suti inatokaje humo? Mimi najua. Halafu bosi anasema itoe. Itoe! Anadhani inatoka tu, imenyooka! Mafuta yametajwa, chaki imetajwa, pasi haikutajwa. Anayevaa hajui. Hawajui kabisa hawa watu. Nilikasirika mpaka kijana akafunga kitabu.

Kwa hiyo nikasema Stanley nitampigia pasi mimi. Kwa heshima ya Selim.

Mkaa nikauwasha mapema. Suti ilikuja imeshonwa tayari, rangi ya maziwa, suruali yake haifiki shibiri. Pasi yangu unaijua, ile yenye jogoo mbele, ukiiweka juu ya suruali hiyo suruali huioni. Wala meza huioni vizuri. Nikaifuta kwenye jani la mgomba, nikachovya kidole majini, nikagusa tako la pasi. Ikasema chss fupi. Chss fupi maana yake twende kazi. Nikaiweka kwenye mkono wa koti. Nikaiondoa. Mkono wa kushoto ulikuwa umejikunja wenyewe, umekuwa mgumu, unanuka mfuko wa nailoni.

Upepo ule. Upepo wa ziwa ukianza mchana unaingia kwenye tundu za pasi, unapuliza mkaa, pasi inapanda homa dobi hana habari. Nilimweleza kijana. Akaniangalia.

Akasema ile flana si flana, ni polista. Pamba, akasema, inavumilia pasi ya nyuzi 200 hivi. Polista ukipita 150 unajitafutia balaa, na kwenye 260 hivi inayeyuka kabisa. Akaniuliza pasi yangu iko nyuzi ngapi. Nikamwambia itazame. Akaigeuza kweli, anatafuta namba, majivu yakamwagika kwenye shati la mwalimu. La mwalimu wa watu! Alikuwa anatakiwa kusimamia mtihani kesho yake. Nikalikung'uta, nikalikunja upande wa majivu uwe ndani.

Basi nikapewa sheria. Usimpigie mtu pasi akiwa amevaa, plastiki inalegea. Nikasema hata wateja wangu nawavua kwanza. Weka kitambaa cha pamba katikati ya pasi na nguo. Jaribu kwanza ndani ya pindo, mahali pasipoonekana. Nguo nyeusi usimwachie mwilini muda mrefu, inamwachia rangi kwenye ngozi na haitoki tena. Na buti na majaketi ya ngozi ya bandia ni lazima yakae pakavu, kwa sababu unyevu unaila ile ngozi taratibu mpaka inabanduka magamba, hata kama mtu hajawahi kuivaa. Halafu akatazama ziwa. Liko palepale, mita 1,470 kwenda chini, maji matupu. Akaniuliza, "Baba mdogo, hapa pakavu ni wapi?"

Nikamwonyesha mfukoni kwangu.

Yeye alikuja na kipasi chake cha umeme, kidogo, ncha yake inaingia kwenye kola. Kakichomeka. Taa ya nyumba ikazima, ya jirani ikazima, mtaa mzima ukasema aaah. Mke wangu akasema saluni kule Mwanga kuna jenereta. Akasema pasi ya nywele ni nzuri kwa vitu vyembamba, ina sahani mbili, unabana, unavuta. Kijana akashangilia, akasema ndivyo wenzake wanavyofanya. Nikatumwa mimi.

Sasa fikiria. Saluni. Wanawake wamejaa, wengine wana dawa kichwani, wengine nusu ya kichwa imesukwa. Naingia mimi, nimebeba kibahasha. Yule sista mwenye saluni akaniuliza, "Karibu baba, unamleta mama?" Nikasema hapana, nimeleta suruali. Akasema iko wapi. Nikaitoa kwenye bahasha. Kukawa kimya. Dawa ikaanza kumchoma mtu kichwani, hakusema. Halafu mmoja akauliza kwa huruma kabisa, "Ni ya kwako, baba?"

Walicheka mpaka kioo kikatikisika. Lakini nikuambie ukweli, yule binti ana mkono. Akapunguza moto, akaweka karatasi nyembamba juu, akabana suruali kwa ncha ya pasi, akavuta mara moja. Mstari ukasimama mbele na nyuma. Mstari wa afande wa gwaride. Miaka yote nina pasi yangu, sijawahi kutoa mstari ule. Nikamlipa. Akasema siku nyingine nikija nije na mwenye suruali.

Kola ikabaki. Kola haitaki pasi, inataka mvuke, kijana akasema. Unashika nguo kwa kibano juu ya birika linalochemka, unaipindisha kwa vidole ingali ya moto, unaishikilia mpaka ipoe. Birika halikuwepo jikoni, lilikuwa limeazimwa shughulini. Kulikuwa na sufuria. Mvuke si mvuke? Nikainamisha koti juu ya sufuria, nikafunua kidogo. Kola ikalainika vizuri sana, ikalala. Vidole vyangu viwili vikaiva. Kijana akalipokea koti, akaliinua, akalinusa. Akalinusa tena.

Mgebuka. Stanley alikuwa ananuka mgebuka wa kuchemsha na ndimu. Sasa kosa la nani? Unaingia Ujiji unataka unuke nini?

Tukahamia kwa Livingstone. Hapa ndipo roho yangu ilipochafuka.

Kwa sababu Livingstone hatakiwi kunyooka. Kijana anataka mikunjo. Nikasema mikunjo ndiyo hiyo, si kaja nayo? Akasema hii si yenyewe, hii ni mikunjo ya boksi. Inatakiwa kwanza itolewe yote, nguo iwe safi, halafu iwekwe mikunjo ya kweli, ya mtu aliyekaa, aliyeinuka, aliyeumwa, aliyetembea. Kiwikoni. Nyuma ya goti. Kiunoni. Maisha yangu yote nafukuza mikunjo, watoto wamesoma kwa kufukuzwa kwa mikunjo, leo naambiwa niiite irudi na niipange.

Na hairudi kirahisi. Chukua kanga. Itupe begani. Inaanguka yenyewe, uzito wake unaivuta, inajikunja inapotaka. Sasa kata kipande cha kanga hiyohiyo, ukubwa wa kiganja, kitupe begani kwa mdoli. Hakianguki. Kinasimama kama turubai. Kitambaa ni kilekile, uzi ni uleule, ila hakuna uzito wa kukivuta chini. Mtu umempunguza mara sita, uzi hukuupunguza. Ndiyo maana hawa jamaa nguo zinawakaa mbali na mwili, mabega yanapaa, kaptula inachanua, anaonekana kaazima. Kwa hiyo unaidanganya nguo. Unaipulizia maji. Unafinya mkunjo kwa kucha na kijiti cha meno, mmoja mmoja. Unafunga mkono kwa uzi, kuzunguka, unaacha ikauke usiku kucha. Mkunjo ukikaidi unaweka gundi nyeupe iliyochanganywa na maji mengi, tone tu, ishike. Kwenye pindo la koti unapitisha waya mwembamba, unalipindisha kama upepo unalivuta. Magotini unasugua msasa. Rangi mpya unaiua kwa chai ya rangi.

Chai niliinywa. Hakusema ni ya nguo.

Na kazi hiyo naifanya hadharani, wewe unajua meza yangu. Mzee mstaafu wa reli akapita na bakora yake. Nikamwamkia, shikamoo mzee. Marahaba. Akamtazama Livingstone, kafungwa nyuzi mikono na miguu, kalowa. Akauliza kafanya nini. Nikamwambia anakaushwa mikunjo. Akasema, "Kijana, suruali ya mwanaume ina mstari. Daktari mzima huwezi kumtoa nje hivi." Nikasema ndivyo wanavyotaka. Akasema wakati wa reli yao hata mpiga filimbi alikuwa na mstari. Akataka nimpe pasi aonyeshe. Muuza vocha naye akaja. Yeye tatizo lake likawa mikono myekundu ya kizibao. Ni Yanga damu. Akasema mzungu aliyekaa Ujiji hawezi kuvalishwa Simba mbele yake. Mzee akamwambia mwaka 1871 hakukuwa na Simba wala Yanga, Yanga yenyewe ni ya 1935. "Kwa hiyo alikuwa anaisubiri," akajibu muuza vocha. Wakagombana hapo juu ya meza yangu mpaka jua likazama, mkaa wangu unakwisha, na mwalimu akaja kuchukua shati.

Mwalimu alilikunjua. Sijui kwa nini watu wanakunjua vitu barabarani. Akaniuliza hii ya kijivu mgongoni ni nini. Nikamwambia ndiyo wanayotaka siku hizi, inaitwa kupausha. Hakuniaga.

Ikabaki suruali ya Livingstone. Kijivu. Kijana akasema kitambaa kipya hakifai, ni kizito, hakilali. Kinatakiwa cha zamani, kilichofuliwa mpaka kikalegea, chembamba, kilichofumwa kwa uzi mwembamba. Mke wangu akasema ngoja. Akaingia chumbani. Nikasikia sanduku linafunguliwa, lile la chini kabisa, nikajua. Katoka na suruali yangu ya kijivu. Niliyofungia ndoa. Ya kuvaa Idi na kwenye posa za watu. Nikamwuliza, na kanga zako je, si zimelegea vizuri? Akasema kanga zake zina maneno.

Kijana akaishika suruali, akaipapasa. Akatikisa kichwa. Nene sana. Nikamshukuru Mungu kwa sauti. Halafu akaingiza mkono mfukoni, akauvuta mfuko nje, akausugua kwa dole gumba. Akatabasamu. Kitambaa cha mfuko kilikuwa cha kijivu, chembamba, laini, kimesuguliwa na funguo na sarafu miaka yote ya ndoa yangu. "Baba mdogo," akasema, "hiki ndicho." Mke wangu alikuwa ameshashika mkasi.

Fundi cherehani wa pale kona akashona. Mishono midogo, akazipunguza kingo zisivimbe ndani. Na lazima niseme, ilimkaa. Sikuifunga nyuzi, sikuipaka gundi, ililala yenyewe. Hata mzee wa reli alikubali kwamba haina mstari lakini ina heshima. Asubuhi tukaenda kwenye kumbukumbu, kijana akalala kifudifudi kwenye majani na kamera, watoto wakajaa, Stanley kanyooka ananukia samaki, Livingstone kachoka vizuri. Jane akawekwa pembeni na sokwe wake, anaandika. Nikamwambia kijana aweke na Selim. Akasema hana mtu wa ziada. Ana viganja tu.

Keshaondoka, sanduku kalikumbatia. Suruali yangu imerudi sandukuni, kwa nje huwezi kujua kitu. Ila Jumamosi nimealikwa kwenye harusi, nimeivaa, na hela ya kutunza maharusi sina pa kuiweka. Nimeishika mkononi toka nyumbani mpaka ukumbini, mke wangu pembeni anaihesabu njia nzima.